Mtoto wa Kuazima

Wandugu, mnanijua: mimi ni mtu wa istwari, si mtu wa tele. Lakini mwezi uliopita tele ilinifuata mpaka Mwadingusha, ndani ya simu ya shemeji yangu, na tangu siku ile kichwa hakijatulia. Naandika ili nijue kama nilikuwa na haki au nilikuwa na kiburi tu.

Tulikuwa tumekaa mu lupango ya dada yangu, kutazama mambo ya mabinti wake wawili. Mkubwa ana miaka 17. Alizaa mwaka jana, ekole ikakatika, kijana aliyempa mimba akaenda upande wa Kolwezi kutafuta kazi na simu yake haipatikani tena. Mtoto analelewa na dada yangu kama vile ni wa kwake mwenyewe. Sasa hofu ni ya yule mdogo, mwenye miaka 15, ambaye siku hizi akitumwa maji anarudi giza limeshaingia. Kila mmoja alitoa shauri lake: wengine fimbo, wengine maombi, wengine apelekwe kwa shangazi Lubumbashi. Ndipo shemeji akatoa simu.

"Angalieni vile bazungu banafanya kule kwabo."

Akatuonyesha video fupi. Msichana wa Kimarekani na mpenzi wake, wote bado na sura ya kitoto, wako mu nyumba nzuri usiku na mtoto mchanga asiye wao. Mtoto analia. Msichana naye anaanza kulia. Kijana amejifunika mto. Maneno yalikuwa ya Kiingereza na hapakuwa na mtu aliyeyasikia vizuri, lakini kilio cha mtoto hakina mkalimani.

"Njo hivi tunapashwa kufanya," shemeji akasema. "Tumupatie mutoto siku tatu, ye peke yake mu nyumba. Ataona. Hatarudilia tena kuchelewa ku maji."

Dada akauliza: "Mutoto wa nani?"

Watu wote wakageuka kuniangalia mimi. Mgongoni nilikuwa nimembeba binti yangu wa miezi tisa, amelala.

Nilisema hapana. Nilisema haraka, bila kungoja wakubwa wamalize, na shemeji akacheka: "Basomi!" Kukawa kimya kidogo kisichopendeza. Kiisha nkambo yetu, ambaye amepita miaka 90 na ambaye tulidhani amesinzia kwenye mkeka wake, akasema bila kufungua macho: "Munagombania nini? Sisi bote mu kambi tulikuwa batoto ba kuazima."

Nitarudi kwa nkambo. Kwanza ile programu.

Niliporudi Likasi niliitafuta asili yake. Jina lake ni The Baby Borrowers, yaani waazima watoto. Ilianzia Uingereza, kwenye BBC Three, mwaka 2007, mikononi mwa Love Productions, wale wale ambao baadaye walipata sifa kubwa kwa mashindano ya kuoka keki. Marekani wakaichukua, na NBC ikaanza kuionyesha tarehe 25 Juni 2008. Jozi tano za wapenzi, wenye miaka 18 hadi 20, waliwekwa kwenye nyumba za mtaa mmoja huko Idaho, wakakabidhiwa watoto wa watu. Siku tatu mtoto mchanga. Kiisha mtoto anayeanza kutembea, kiisha watoto wa umri wa ekole pamoja na wanyama wao wa nyumbani, kiisha kijana aliyekaribia umri wao wenyewe, na mwisho wazee. Maisha yote ya uzazi yakabanwa ndani ya wiki chache, kama vile mposho wa mwezi mzima kupikwa siku moja. Tangazo lao lilijisifu kwamba hii si tele, ni dawa ya kuzuia mimba.

Wakati nao uliwasaidia. Mwezi huohuo wa Juni, gazeti Time lilikuwa limetoa habari ya ekole moja ya Gloucester, Massachusetts, ambako wasichana 17 walikutwa na mimba, na mkubwa wa ekole akasema baadhi yao walipatana kuzaa pamoja. Meya wa mji alilikana jambo hilo la kupatana, lakini nani anamsikiliza meya wakati habari imeshakimbia? Nchi nzima ilikuwa inaongelea mimba za wasichana, na NBC ikafika na mtoto mkononi.

Walioipinga kwa nguvu hawakuwa mapadri wala wachungaji, na hilo lilinishangaza. Walikuwa wataalamu wa watoto wadogo. Shirika la Zero to Three la huko Washington, ambalo kazi yake ni makuzi ya mtoto katika miaka mitatu ya kwanza, lilitoa tamko la kuilaumu NBC. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka: mtoto wa miezi sita, tisa, kumi na miwili yuko katika wakati wa kujifunza ni nani mtu wake. Ukimtoa kwa mtu wake na kumpa mgeni anayetetemeka, mtoto huyo hajui kwamba kuna kamera, hajui kwamba ni siku tatu, hajui kwamba ni mafundisho kwa wengine. Anajua tu kwamba mama hayuko. NBC ilijibu kwamba wazazi walikuwa karibu, wakitazama kila kitu kwenye skrini, na walikuwa na ruhusa ya kuingia wakati wowote. Na kwamba kulikuwa na walezi wa kazi hiyo ndani ya kila nyumba. Jibu hilo lina kitu cha kuchekesha kama unalifikiria vizuri. Mama yuko nyumba ya pili, anamwona mwanawe analia kwenye kioo, na mwanawe hamwoni yeye.

Wengine waliipenda. Kampeni ya kitaifa ya Marekani ya kupunguza mimba za vijana iliona hapa kuna nafasi ya wazazi na watoto kukaa pamoja mbele ya tele na kuongea mambo ambayo kwa kawaida hayaongeleki mezani. Mimi siwezi kuwadharau, kwa sababu njo hilohilo shemeji alikuwa analitaka: neno la kuanzia. Mwaka 2009 Wajerumani nao wakafanya ya kwao, kwenye RTL, kwa jina la Erwachsen auf Probe, na kelele ikawa kubwa kuliko ya Marekani. Mashirika ya kulinda watoto yalipinga, wakunga walipinga, hata waziri wa familia wa wakati ule, Ursula von der Leyen, aliikosoa. Programu ikaonyeshwa vilevile.

Nimezisoma lawama hizi nyingi, na nakubaliana nazo kuhusu mtoto. Lakini karibu zote zinamwacha yule msichana pembeni. Zinajibizana kama mtoto ameumizwa au hakuumizwa. Wachache wanauliza kama mafundisho yenyewe ni ya kweli. Programu imejengwa juu ya wazo kwamba kijana anazaa mapema kwa sababu hajui mtoto ni mzigo namna gani. Mwonyeshe mzigo, ataacha.

Sasa mlete huyo mtaalamu Mwadingusha. Mimi nilianza kubeba mdogo wangu nikiwa na miaka saba. Najua uzito wa kikwembe kilicholowa. Najua namna mtoto anavyokuwa mzito zaidi akisinzia, na najua kulia kwa njaa si sawa na kulia kwa homa. Binti wa dada yangu, yule wa miaka 17, alikuwa amelea wadogo zake watatu kabla hajamzaa wa kwake. Kama kilio cha usiku kingekuwa kinazuia mimba, Katanga nzima ingekuwa mapori. Uchunguzi wa afya na idadi ya watu uliofanywa kwetu Kongo mwaka 2013 na 2014 ulikuta kwamba wasichana 27 katika kila 100 wenye miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au wana mimba ya kwanza. Sidhani kama kuna hata mmoja wao aliyekuwa hajawahi kumbeba mtoto. Na wale "vijana" wa NBC, wa miaka 18 hadi 20, hapa kwetu wengi wao tungekuwa tunawaita Mama Fulani na tunawapisha kiti.

Kuna utafiti uliojaribu wazo hili kwa vipimo. Perth, Australia ya Magharibi, walichukua ekole 57 na wasichana zaidi ya 2,800 wenye miaka 13 hadi 15. Nusu ya ekole zilifundisha masomo ya kawaida ya afya. Nusu nyingine ziliwapa wasichana mwanasesere wa kielektroniki, anayelia usiku, anayetaka maziwa, anayeandika ndani yake kila kosa la kumshika vibaya, wakamlea mwisho wa wiki. Kiisha watafiti waliwafuata mpaka miaka 20. Matokeo yalitoka kwenye jarida la Lancet mwaka 2016, chini ya uongozi wa Sally Brinkman. Waliopewa mwanasesere walizaa zaidi: 8 kwa 100, wakati wenzao walikuwa 4 kwa 100. Waliotoa mimba nao walikuwa wengi zaidi, 9 kwa 6. Dawa ikawa imeongeza ugonjwa.

Dada yangu nilipomweleza hilo kwa simu hakushangaa hata kidogo. Alisema: "Ukimupa mutoto wa kike mutoto, bote banamuangalia. Banamusifu. Mara ya kwanza anaonekana mukubwa." Nafikiri dada yangu angeweza kuwaokolea Waaustralia pesa nyingi.

(Ili niwe wa haki: wachumi wawili wa Marekani, Melissa Kearney na Phillip Levine, waliandika kwamba programu nyingine, 16 and Pregnant ya MTV, iliyoanza 2009, ilipunguza uzazi wa vijana kwa asilimia 5.7 ndani ya mwaka mmoja na nusu. Wenzao walirudia hesabu na kusema hazisimami. Angalau ile ya MTV ilionyesha wasichana waliokuwa na mimba zao wenyewe. Hakuna mtoto aliyeazimwa.)

Sasa istwari yenyewe, kwa sababu wazo la kumwazima mtoto ili umfundishe mama halikuzaliwa kwenye tele. Chuo Kikuu cha Cornell, jimbo la New York, kilikuwa na idara ya elimu ya nyumbani, na kuanzia mwaka 1919 wasichana waliosoma pale waliishi kwa zamu mu nyumba ya mazoezi pamoja na mtoto wa kweli, aliyechukuliwa kutoka vituo vya yatima. Mtoto wa kwanza walimwita Dicky Domecon. Hilo la pili ni kifupi cha jina la somo lenyewe kwa Kiingereza. Yaani mtoto alipewa jina la ukoo la somo. Mama zake walikuwa wengi, wakibadilishana kwa ratiba: huyu wa kumwogesha, yule wa kumlisha, mwingine wa kuandika uzito wake kwenye daftari. Na msifikiri watu walikasirika. Walisifu. Watoto wale walitafutwa sana na watu waliotaka kuchukua mtoto wa kulea, kwa sababu wamekuzwa kisayansi. Lawama zilikuja pole pole, hasa baada ya John Bowlby kuandikia Shirika la Afya Duniani ripoti yake ya mwaka 1951 juu ya mtoto anayekosa mtu mmoja wa kudumu. Cornell walifunga mambo hayo mwaka 1969. Miaka hamsini.

Tazameni ile tarehe ya mwanzo, kiisha geuzeni macho kwetu. Miaka hiyohiyo ya 1920, Union Minière du Haut-Katanga ilikuwa na shida ya watu. Wafanyakazi walitoka mbali, Rhodesia ya Kaskazini, Kasai, Ruanda-Urundi, wakafa wengi, wengine wakakimbia, na kila mwaka kazi ya kuwatafuta wapya ikaanza upya. Kuanzia 1927 na 1928 kampuni ikageuza siasa: mkataba wa miaka mitatu, mwanaume aje na mke wake, wazae hapahapa, na watoto wawe wafanyakazi wa kesho. Mtu mkubwa wa siasa hiyo alikuwa daktari, Léopold Mottoulle. Aliieleza mwenyewe katika kitabu chake cha mwaka 1946, na ndani yake anasema wazi kwamba mzungu asisahau kwamba mtu mweusi ana roho ya kitoto. Kwa hiyo mu kambi hapakuwa na mzazi hata mmoja. Baba alikuwa mtoto, mama mtoto, na mtoto mtoto. Mzazi alikuwa ni kampuni.

Kwa hiyo wakaanza kufundisha uzazi. Mama alizaa ku materniti ya kampuni. Mtoto alipelekwa kupimwa kwenye mizani, kwa siku na saa. Kulikuwa na foyer ya kufundisha wanawake kushona, kufua, kupika, kulea. Na kulikuwa na kantini ya watoto, njo hii ninayotaka tuiangalie sana. Kampuni ilikuwa inatoa mposho kwa mfanyakazi, lakini haikuamini kwamba unga na nyama vinafika mdomoni mwa mtoto. Ikaamua kumlisha yenyewe. Mtoto aliyeachishwa ziwa alipaswa kuletwa kantini, akale pale pale, mbele ya macho ya msimamizi. Mwanahistoria Nancy Rose Hunt aliandika makala mwaka 1988 juu ya mambo haya ya Kongo ya Wabelgiji, na anaonyesha kitu ambacho sisi hatukufundishwa. Mama zetu wa zamani walinyonyesha miaka miwili, hata mitatu, na wakati huo mume alikaa mbali. Njo ilikuwa namna yao ya kutenganisha uzazi. Wabelgiji, ambao waliogopa kwamba watu wanapungua, waliona hilo ni kizuizi. Maziwa ya kopo, uji wa kantini, kuachisha mapema: vyote vilisaidia mtoto wa pili aje haraka. Sisemi hakukuwa na upendo kwa masista na wauguzi waliofanya kazi ile, na watoto wa kambi walipona magonjwa mengi yaliyoua wenzao wa vijijini. Hilo ni kweli na liandikwe. Lakini hesabu ilikuwa ya shaba.

Nkambo alimzaa mtoto wake wa kwanza mwanzo wa miaka ya 1950, mu kambi la kampuni moja, wakati Likasi ilikuwa bado inaitwa Jadotville. Alikuwa na miaka kama 18, hajui vizuri. Jioni ile mu lupango, wengine walipokwenda kupika bukari, nilikaa chini karibu naye.

"Balikuwa banapima mutoto sawa vile banapima shaba," aliniambia. "Wa kilo mingi, mama yake anasifiwa mbele ya benzake. Wa kilo kidogo, mama anasimamishwa pembeni, anaulizwa: unamupa nini?" Akacheka. Aliipenda mizani, alisema. Mtoto wake alikuwa mnene. Kantini njo hakuipenda, na si kwa sababu ya chakula. "Chakula kilikuwa kizuri. Lakini mutoto akirudi ameshiba, hanitafuti. Nimepika sombe, ananiangalia tu." Kwa hiyo alikuwa anampa chakula kidogo asubuhi kabla ya kantini, kwa siri, mlango umefungwa. Kidogo tu, vidonge viwili vitatu vya bukari kwa mkono wake. Mtoto akaenda kantini akakataa uji, na mama akaulizwa. Akasema hajui.

Nikamuuliza kwa nini alifanya hivyo, kwani angeweza kuokoa unga wake. Alinitazama kama vile nimeuliza swali la mtu aliyesoma sana.

"Ili ajue mukono wangu."

Zero to Three waliandika kurasa nyingi kusema hilo.

Pale Mwadingusha mambo yalikuwa na sura ya kambi vilevile, ingawa si kambi la mgodi. Kituo chetu cha umeme, kwenye maporomoko ya Cornet ya mto Lufira, kilianza kazi mwaka 1930 chini ya Sogefor, kampuni iliyozaliwa na Union Minière ili kulisha viwanda vyake. Wakakiita Francqui. Ziwa la Tshangalele, ambamo leo watu wanavua samaki kama vile lilikuwa pale tangu Mungu aumbe buloba, ni maji yaliyozuiwa kwa ajili ya kazi hiyo. Baba yangu alifanya kazi ku santrali wakati imeshakuwa ya SNEL. Nimekua nikijua kwamba nyumba, taa na dawa vinatoka upande wa kazi ya baba, na kwamba neno la watu wazima lilikuwa hili: kampuni njo baba na mama. Walilisema kwa sifa. Mimi mtoto nilikuwa najiuliza, sasa huyu anayenifunga viatu ni nani?

Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi ameandika kitabu kizima juu ya kilichofuata, mwaka 2001, na kichwa chake kinasema yote: Bana Shaba walioachwa na baba yao. Gécamines, iliyorithi Union Minière baada ya kutaifishwa mwaka 1967, ilikuwa inatoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katika miaka ya 1980. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ukaporomoka, kiisha vurugu za kisiasa, na kufikia 2003 uzalishaji haukufika hata tani 20,000. Mwaka huo wafanyakazi 10,655 waliondolewa kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, na pesa ya Benki ya Dunia. Kantini ilikuwa imefungwa zamani. Dibwe anaonyesha namna baba wa kambi, ambaye mamlaka yake yote yalitoka ku kampuni, alibaki mikono mitupu mbele ya mke anayeuza sokoni na watoto wanaojitafutia. Watu waliofundishwa kwa miaka 60 kwamba kulea ni kazi ya mwingine waliambiwa asubuhi moja: lea.

Mimi naiona programu ya NBC ndani ya habari hii. Wenye kamera, wenye mizani, wenye mwanasesere wa Perth, wote wameanza na wazo moja, kwamba mzazi maskini au mdogo ni mtu asiyejua, na akionyeshwa atajua. Hawakuuliza msichana ana nini mbele yake akikataa kuzaa. Msichana wa Idaho, zikiisha wiki zile, alirudi nyumbani kwake, na chuo kilikuwa pale kinamngoja. Binti wa dada yangu aliangalia mbele akaona nini? Ekole ya msingi ni bure tangu 2019, lakini sekondari inalipwa, na miaka miwili alirudishwa nyumbani kwa ajili ya ada kabla hajamjua kijana yeyote. Sheria yetu yenyewe ilichelewa: Kodi ya Familia ya 1987 iliruhusu msichana aolewe na miaka 15, na ni mwaka 2016 tu walipoisahihisha kuwa 18. Jirani zetu Tanzania mwaka 2017 rais alisema hadharani kwamba mwanafunzi aliyezaa hatarudi ekole ya serikali, mpaka Novemba 2021 serikali iliyofuata ilipofungua mlango. Kwetu hakuna aliyemfukuza binti wa dada yangu. Hakuna aliyemrudisha pia.

Shemeji si mtu mbaya. Anamwogopea binti yake, na alichokuwa nacho mkononi ni simu. Nimemwandikia ujumbe mrefu, wa heshima, nikamwomba msamaha kwa namna nilivyojibu mbele ya watu. Sikumwomba msamaha kwa jibu lenyewe. Kuhusu mdogo tumepatana hivi: anakuja kukaa kwangu Likasi, ataingia ekole hapa. Ndiyo, atambeba binti yangu mchana nikiwa kazini, kama nilivyobebwa mimi na kama nilivyobeba. Nyumba ya jirani iko wazi, na jioni narudi. Hiyo si mazoezi. Kwetu inaitwa kukaa kwa mama mdogo.

Jana nilimpigia nkambo simu kumwambia. Aliuliza kwanza kama mtoto wangu nimempima mwezi huu. Nimempima: kilo 8 na gramu 300. Akafurahi sana, akarudia hiyo namba kwa sauti ili watu wa lupango wasikie. Kiisha akauliza juu ya yule mkubwa, mwenye mtoto, kama naye anarudi masomoni.

Rentree ni Septemba. Likelemba ya dada inatoka Agosti, na mimi nimeweka kidogo pembeni. Bado tunakosa karibu nusu.